Ukuta wa Mama Kavira

Naikumbuka bado Jumapili ile, mwanangu, pale Mapendo, mtaani kwetu Goma, watu wote wakiwa misani na barabara imebaki na kuku tu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa na kopo moja la rangi nyeusi, burashi mbili, na mbele yangu ukuta ambao haukuwa wangu.

Nakueleza haya kwa sababu ya neno ulilosema juzi. Mlikuwa mmekaa watano, ninyi mnaochora mjini kwa makopo ya kupuliza, kila mmoja anasimulia alivyoanza na kinachomsumbua. Mmoja alisema mawazo humjia akitembea. Mwingine alisema anachora ili mama yake alione jina la familia mahali pengine zaidi ya orodha ya chakula cha wakimbizi. Hilo nililipenda. Kisha wewe ukasema ukuta ulio barabarani hauna mwenyewe, anayeupaka rangi ndiye mwenye nao. Wenzako wakacheka, wakakubali. Mimi nilifumba macho. Ulidhani muzee amechoka, kumbe nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na mwaka huohuo mlima ulikuwa umepasuka. Moto ulishuka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tulikimbilia ng'ambo, Gisenyi, upande wa Rwanda, tukarudi mawe yangali yanachoma chini ya viatu. Wengine hawakukuta nyumba. Wengine walikuta nyumba imesimama lakini haina mabati, maana moto haukufika kwao, walifika askari wa waasi hao. Kila mtu alijua, na kila mtu alilisema jambo hilo ndani ya nyumba yake, kwa sauti ya chini.

Kazi yangu ilikuwa kuchora vibao: saluni, duka la dawa, kinyozi. Katika mtaa wetu aliishi mjane mmoja, Mama Kavira, Mnande wa Butembo, aliyeuza maharage aliyoyatoa Kiwanja, kule Rutshuru. Yeye ndiye wa kwanza kujenga upya. Nyumba yake ilikuwa ya mbao kama zetu zote, ila upande wa barabara alisimamisha ukuta wa mawe ya mlima, akaupiga saruji, akaupaka chokaa. Mtaa mzima haukuwa na ukuta mwingine ulionyooka. Kila nikipita niliutazama. Wewe ni mchoraji, tamaa hiyo unaijua.

Basi Jumapili ile nikachora. Askari mwenye bunduki mgongoni na bati kichwani, anakimbia, na nyuma yake mlima unatoa moshi. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: MULIMA ULITUACHIA MAWE. NYINYI HAMUTUACHIE KITU. Nilimaliza kabla misa haijatoka. Ilikuwa kazi nzuri. Sisemi kwa kujisifu. Mpaka leo sijui kama nimewahi kuchora mgongo wa mtu anayekimbia vizuri namna ile.

Watu walirudi wakajaa mbele ya ukuta. Mama mmoja alicheka mpaka akashika kiuno. Dereva mmoja wa pikipiki akasema, "Uyu mutu iko na roho." Mimi nilisimama katikati yao, mikono mfukoni kwa sababu ya rangi, nikisikiliza. Sifa zile zilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeonja.

Mama Kavira alifika na rozari yake bado mkononi. Alisoma, akaingia ndani, akatoka na ndoo na burashi ya kufulia, akaanza kusugua. Haikutoka. Nilijua haitatoka, rangi ilikuwa ya mafuta, na niliichagua kwa sababu hiyo. Alipochoka aligeuka akatutazama wote. Macho yake yalipita juu yangu, yakaendelea.

Kesho yake askari walikuja. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, namchorea kinyozi kibao chake, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Nani aliandika?"

"Sijui. Nilikuwa kwa misa."

"Ukuta ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi na maneno ni yako."

Wakamchukua. Kati yangu na wao palikuwa na hatua kumi, labda kumi na mbili. Nitakuambia nilichofanya, maana nikikificha nitakuwa nimepoteza muda wako. Nilimalizia herufi niliyokuwa nimeianza. Kisha nikaosha burashi, nikaenda nyumbani, nikachukua mfuko wangu, nikapanda lori la kwenda Rutshuru.

Tulilala Kiwanja. Asubuhi nilikaa kunywa chai kando ya akina mama wa maharage. Walikuwa wanamsubiri Mama Kavira. Mmoja akasema, "Hatakuja. Wamemufunga Goma, sababu ya ukuta." Mwingine akauliza, "Na ule aliandika?" Yule wa kwanza akajibu, "Ule njo mwanaume kweli," yaani huyo ndiye mwanamume hasa. Nilimaliza chai yangu. Mchana nilikuwa Bunagana, mpakani, na jioni nilikuwa upande wa Uganda, nikitafuta duka linalohitaji kibao.

Nilikaa huko miezi miwili. Niliporudi, Mama Kavira alikuwa ameachiliwa siku nyingi. Walimweka siku tisa. Nilimkuta mlangoni anampimia mteja maharage kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki tena. Ukuta ulikuwa umekwanguliwa kwa chuma mpaka mawe yakatokea, lakini mgongo wa askari ulikuwa bado unaonekana kidogo.

Alingoja mteja aondoke, akanipa kiti.

"Ulikuwa wapi, mutoto?"

Nikamwambia. Nikaanza na kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

"Nilijua siku ileile. Ile kibao yangu ya maharage ni wewe uliandika. Ile A yako iko na mukia."

"Kwa nini haukunitaja, mama?"

"Wangekuua. Mimi waliniachilia." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya kitu. Kisha akasema, "Yale maneno yalikuwa ya kweli. Nilikasirika, lakini yalikuwa ya kweli. Kwa nini haukuniuliza?"

Nikamuuliza, kwa ujinga wa ujana, "Ningekuuliza, ungekubali?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, si kwa kunionyesha.

"Pengine ningekubali. Sasa hakuna mutu atajua, hata mimi."

Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi katika maisha haya, na wenye bunduki pia wamenitukana. Hakuna lililoniingia kama hilo. Mama yule alikuwa na ujasiri kuliko mtaa mzima, na mimi nilimnyima nafasi ya kuutoa kwa hiari yake. Niliuchukua tu, kama walivyochukua mabati.

Kisha akaniletea kopo la rangi kutoka ndani. "Ukuta njo ule. Andika jina yako pale, chini ya ile yenye ilibakia."

Waasi walikuwa bado mjini. Nilichovya burashi, nikasimama mbele ya ukuta muda mrefu, watu wakipita. Sikuweza. Alikuja akaichukua burashi mkononi mwangu, hakunicheka, akafunika kopo. "Sawa," akasema. "Rudi kwa kazi yako."

Hatukulizungumza tena. Aliendelea kununua kwangu vibao, nami nikanunua kwake maharage, mpaka alipofariki, miaka kadhaa kabla mlima haujapasuka mara nyingine. Waasi wale waliondoka, wengine wakaja. Mimi nilichora kuta nyingi baadaye, na nyingine zilikuwa za hatari. Kila moja niliibishia hodi kwanza. Wapo walionifukuza. Wapo walionikaribisha, wakaniambia ongeza neno hili na lile, na maneno yao yakawa mazuri kuliko yangu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na hauna mapambo. Usiache kuchora. Mji huu unahitaji watu wa kusema, na sikuiti mkorofi kwa kusema. Lakini kabla hujafungua kopo, jua ni nani analala nyuma ya ukuta huo. Mtafute, mwambie unachotaka kuandika na kinachoweza kumpata, umwache akatae kama anakataa. Na siku wakija kuuliza ni nani aliandika, usiwe ng'ambo ya barabara. Kama unaona hutaweza kuvuka, basi neno hilo bado hujalifikia, liweke kwenye daftari mpaka ulifikie.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja. Mungu ailinde afya yako na ya wenzako, awape kazi ndefu kuliko vita hivi, na kila mlango mtakaobisha awepo mtu ndani wa kuwafungulia.