Mafuta ya Difu kwenye Sinia la Maua

Mume wangu ni dereva wa gari la maiti, na sijawahi kuona mtu anayeendesha polepole kama yeye akiwa macho. Akipita mtaani kwetu, kuku wanavuka mbele yake bila haraka. Yeye hajali. Anasema abiria wake hajawahi kulalamika, kisha anacheka peke yake, maana mimi utani huo nilishauchoka kabla hatujapata mtoto wa kwanza.

Tena ana ugonjwa wa kung'arisha vitu. Gari la maiti lazima ling'ae, hilo naelewa, lakini mkono wake haujui pa kuishia. Akishika kijiko, anakifuta. Akisimama mlangoni, anafuta kitasa. Siku moja nilimkuta sebuleni akizungumza na mjomba wangu huku anamfutia miwani, na miwani yenyewe iko usoni mwa mjomba.

Sasa mtu huyu, pamoja na utaratibu wake wote, ndiye aliyeniletea nyumbani gari la mashindano la rimoti. Nyuma ya karakana ya fanicha kuna uwanja wa udongo uliozungushiwa mipira chakavu ya maji, na kila Jumapili watu wazima wenye vitambi vyao hupanda juu ya meza ndefu, kila mmoja na rimoti yake, na kuanza kupigiana kelele. Nililichukia gari lile. Nilichukia vumbi lake, na skrubu ndogo nilizokuwa nikizikuta kwenye mchele. Nilipomwuliza shida yake ni nini hasa, alinijibu bila kunitazama.

"Mama watoto, wiki nzima nabeba watu ambao hawaendi tena popote. Jumapili na mimi nataka kukimbia kidogo."

Tangu siku hiyo skrubu za kwenye mchele nikawa namwekea pembeni. Sikusema nimekubali.

Taabu ni kwamba hata huko uwanjani alikimbia kwa mwendo wa mazishi. Wenzake walimbandika jina la Taratibu. Na uwanja ule ni mdogo, nafasi zake chache, kwa hiyo mwenyekiti wao, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, aliweka sheria: anayeshika mkia msimu ukiisha anampisha mtu mwingine. Msimu huu mkia uligombewa na wawili, mume wangu na kinyozi, na mbio za mwisho zilikuwa Jumapili. Atakayemaliza nyuma ya mwenzake ndiye anayefungasha.

Aliyekuwa akisubiri nafasi ni seremala wa majeneza, mtu ambaye mume wangu hufanya naye kazi kila siku. Alikuwa akija kusimama kwenye uzio, gari lake likiwa bado ndani ya boksi, akimtazama mume wangu kuanzia kichwani mpaka miguuni. Najua kwa kazi yake kumpima mtu kwa macho ni mazoea. Lakini sikupenda hata kidogo.

Jumamosi baada ya chakula gari likafunguliwa mezani, maana difu zake zilikuwa zinavuja. Difu, kwa asiyejua kama nilivyokuwa sijui, ni kisanduku cha gia kilicho kati ya tairi la kushoto na la kulia. Kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoliruhusu moja likimbie wakati mwenzake anakwenda polepole. Kwenye haya magari madogo kisanduku hicho hujazwa mafuta. Mafuta yakiwa mazito, matairi mawili yanashikana na kuvuta pamoja. Yakiwa mepesi, kila tairi linafanya lake. Gari la mume wangu lina difu ya mbele na difu ya nyuma, na miaka yote alizitia zote mbili mafuta mepesi kuliko yote yaliyoko dukani.

"Mazito yanashtua gari kwenye kona," aliniambia. "Abiria anaweza kuhama."

"Abiria gani?"

Akaendelea kufuta gia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona mwenyewe, siku nilizompelekea chakula uwanjani: akitoka kwenye kona, tairi moja la mbele linazunguka bure na kurusha vumbi, gari linabaki palepale, na wenzake wanampita.

Safari hii alikuwa amepiga moyo konde. Alinunua chupa tatu, mafuta mepesi, ya wastani na mazito, kila chupa imeandikwa namba ya uzito wake. Mimi nilikuwa uani nakoroga sabuni ya maji, ndiyo biashara yangu, nikasikia kimya ndani. Kimya cha mume wangu nakijua. Nikaingia. Alikuwa amekaa na kitambaa mkononi, na mbele yake chupa tatu nyeupe zinang'aa kama meno ya bandia.

"Namba ziko wapi?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nazifuta kidogo tu."

"Kidogo?"

"Zilikuwa na vumbi."

Nilishika kichwa. Chupa zenyewe hazionyeshi ndani, zote zina kifuniko cha rangi moja, na duka lilikuwa limefungwa mpaka Jumatatu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine nilikuwa nimeyaweka akiba tangu siku ya miwani ya mjomba. Ila alikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akasema, "Basi. Seremala aje tu achukue nafasi." Nilimwonea huruma mpaka hasira ikaniishia.

Wateja wangu wa sabuni hawasomi lebo. Wanainamisha chupa, wanatazama sabuni inavyoteleza, wanajua kama nimeongeza maji. Nikaenda kabatini nikatoa sinia langu la harusi, lenye mawaridi mekundu, ambalo hata wageni huwa siwatolei. Nikamwambia adondoshe tone moja kutoka kila chupa, yakae kwenye mstari, kila tone mbele ya chupa yake. Kisha nikainua sinia upande mmoja.

Tukainama wote wawili. Tone la kushoto likaondoka mbio, likapita waridi la kwanza, likapita la pili.

"Hilo!" mume wangu akasema, kama yuko uwanjani.

"Tulia, mbio hazijaisha."

La katikati likafuata kwa heshima. La kulia lilijivuta kidogo, likakaa, kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko njiani. Hapo ndipo tulipojua. Nikakata uzi, nikaifunga kila chupa shingoni: fundo moja mepesi, mafundo mawili wastani, matatu mazito. Mafundo hayafutiki kwa kitambaa.

Ugomvi ukaanza upya juu ya yapi yaende wapi. Yeye alitaka ya wastani mbele na nyuma, ili asimkwaze mtu. Mimi nikasema vumbi nililiona linatoka mbele, kwa hiyo mazito yaende mbele, nyuma abaki na mepesi yake aliyoyazoea.

"Na likishtuka?"

"Lishtuke! Humo ndani hamna mtu!"

Alicheka mpaka akafuta machozi, na alipomaliza kufuta machozi akafuta na meza. Kisha akamimina, mazito mbele, mepesi nyuma.

Jumapili nilisimama kwenye uzio karibu na seremala, ambaye alikuwa tayari amefungua boksi lake. Mbio zikaanza. Kwenye kona ya kwanza gari la mume wangu liling'ata udongo kwa matairi yote mawili ya mbele na kutoka kama limefukuzwa. Alitoa macho. Nadhani alitaka kuomba radhi. Mzunguko baada ya mzunguko akamkaribia kinyozi, mpaka ule wa mwisho alikuwa nyuma yake kabisa. Kinyozi akaona kivuli, akaingia kona kwa pupa, akagonga mpira wa maji, gari lake likapinduka chali katikati ya njia.

Na mume wangu akasimama.

Alisimamisha gari nyuma ya lile lililopinduka, umbali wa adabu, taa zikiwaka. Baadaye aliniambia kidole kiliachia chenyewe. Watu wanapiga kelele, mwenyekiti anakimbia kwenda kuligeuza gari la kinyozi, seremala anatoa la kwake kwenye boksi. Nikapanda juu ya uzio na gauni langu.

"Baba watoto! Huyo si wako! Bado mzima!"

Uwanja wote uliangua kicheko. Kinyozi mwenyewe alikaa chini na rimoti yake. Lakini mume wangu alinisikia. Akazunguka lile gari, akabana kifyatuo cha rimoti, akavuka mstari wakati la kinyozi ndiyo kwanza linasimamishwa. Alikuwa wa pili kutoka mwisho, na aliyeshinda mbio zile hakufurahi hata nusu yake. Alilia hadharani. Mimi pia nililia, ila nilisingizia vumbi.

Seremala akafunga boksi. "Hongera, shemeji," akaniambia. "Mimi nitasubiri."

"Najua, shemeji. Ndiyo kazi yako."

Jumatatu nilirudi kutoka kuuza sabuni nikakuta sinia langu mezani. Alikuwa ameliosha ili kunishukuru. Liling'aa kama kioo. Mawaridi yote yalikuwa yamekwenda, limebaki jani moja la kijani pembeni, nalo nusu. Yeye alikuwa amesimama dirishani, ameficha kitambaa mgongoni.

"Lilikuwa na mafuta mafuta," akasema.

Nilivuta pumzi nimpe yake. Nikaliinua sinia, nikaliinamisha upande wa mwanga. Lilikuwa jeupe, halina ua wala doa, tone likipita hapo unaliona mwanzo mpaka mwisho.

"Lete zile chupa," nikamwambia. "Msimu ujao sitaki tena tuwe wa pili kutoka mwisho."