Weupe wa Ndani ya Sufuria

Mjukuu wangu anakamua ukwaju jikoni, na mimi nainuka kuchungulia ndani ya sufuria kabla sijaonja.

Nilikuwa mdogo, Kariakoo, mwezi wa Ramadhani. Mama alinipa sufuria yetu ya shaba niisugue kwa majivu na mchanga. Nje ilikuwa nyekundu, ndani nyeupe. Sikujua kwamba ule weupe ni bati, na kwamba fundi hulipaka makusudi ili shaba isiingie kwenye chakula chenye uchachu ikawa sumu. Nilidhani ni uchafu. Nikasugua mpaka ndani nako kukawa kwekundu.

Mama alikuwa na haraka, hakuchungulia. Akaloweka ukwaju humo tangu adhuhuri.

Jua lilipozama akanywa bakuli zima. Nami nilionja kidogo: ladha ya senti iliyokaa mdomoni. Hata Isha haijaadhiniwa, mama alikuwa amejikunja mkekani, anatapika maji ya kijani.

"Ni kisima hicho," alisema bibi wa chumba cha pili. "Nilisema mie, kile kisima kibovu."

Wapangaji wote wakaitikia. Mimi nikachungulia sufuria. Chini palikuwa na utando wa kijani, rangi ile ile.

"Mwanangu," mama aliniita, sauti imekwisha. "Nichemshie maji ya bomba, ukamulie ndimu. Tumia ile sufuria uliyoing'arisha."

Niliogopa kusema kuliko nilivyoogopa kifo chake. Nikaisuuza, nikaibandika mekoni.

Alikunywa yote, akanishika kichwa, akaniombea dua.