Nilisema Nimepona

Wapendwa, leo naomba msinipigie makofi. Wala msiitikie amina mpaka nimalize. Mara ya mwisho niliposimama mbele za watu kutoa ushuhuda walipiga makofi mpaka wengine wakapanda juu ya viti, na nilichosema siku ile kilikuwa uongo. Sitamsingizia shetani. Niliusema kwa mdomo wangu, nikiwa na akili zangu timamu, nimevaa kitenge kipya. Kwa hiyo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe. Mtanivumilia.

Kwa wasionijua, naitwa Mama Tumaini. Nimezaliwa Lugoba, nikaolewa hapa Bagamoyo, na mume wangu alipofariki nikaendelea na kazi yangu ile ile ya kukaanga samaki pale sokoni. Karai langu liko jirani na la Bi Mwanaidi, mwanamke wa hapa hapa mjini, mtu wa swala tano, ambaye tumekaa bega kwa bega miaka mingi tukigombea wateja na kuazimana chumvi. Ni kazi ya kusimama tangu asubuhi, mafuta yanakurukia mikononi, magamba yamekuganda mpaka kwenye nywele. Sukari ilinikuta hapo hapo. Nilikonda ghafla, kiu haikatiki, na kila nikigeuka nakimbilia chooni. Kliniki wakanipa vidonge, asubuhi na jioni, wakaniambia hivi ni vya maisha.

Hilo neno la maisha ndilo lililonichosha. Na kanisani nako niliona mambo ni hayo hayo. Niliokoka nikiwa msichana. Nimeimba kwaya, nimehudhuria kila Jumatano mafundisho ya mwinjilisti wetu, huyu hapa mnamjua, mtu asiyejua kupandisha sauti, anayeweza kufundisha mstari mmoja wiki tatu. Baada ya miaka yote hiyo bado nilikuwa na ulimi mchafu. Mteja akinishikashikia samaki halafu asinunue, namtukana. Nikiomba nasinzia. Wenzangu waliookoka juzi wanaona maono, mimi niko pale pale. Nilitaka siku moja tu. Niamke nimekuwa mtu mwingine, mwili na roho, yaishe.

Ndipo alipokuja yule mtumishi na hema lake. Jina lake silitaji. Simwogopi, ila nikimtaja mtatoka hapa mnasema tatizo lilikuwa yeye peke yake, na sisi tuliopiga foleni tutakuwa tumejiondoa. Siku ya tatu ya mkutano akawaita wenye sukari mbele. Tulikuwa wengi. Pale mbele paliwekwa beseni la bluu, akasema mwenye imani atupe dawa zake humo. Zangu zilikuwa kwenye mkoba, nikazitupa. Akaniwekea mkono kichwani, akaniuliza kwenye maiki kama nimepona. Nikamwambia najisikia mwepesi.

"Sijakuuliza unajisikiaje," akasema. "Umepona au hujapona?"

Watu wote wananitazama, simu zimenyanyuliwa zinarekodi. Nikasema nimepona.

Makofi yale, nisiwafiche, yalikuwa matamu. Nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi na watu wengi kiasi kile maishani mwangu. Kesho yake wakaniita tena nirudie, na keshokutwa. Nikanogewa. Nikaongeza na chumvi zangu, kwamba nilisikia moto ukipita kwenye damu. Hakukuwa na moto wowote. Nilipojaribu kumkatisha tamaa mwinjilisti wetu kwa maneno ya majivuno, kwamba Jumatano zake zote hazijanipa kile nilichopata kwa dakika tano, alinisikiliza, akasema tu kwamba siku nikitaka kurudi kiti changu kipo. Nilimcheka.

Sasa sikieni kilichofuata, na wenye roho nyepesi mnivumilie. Siku moja sokoni nilikanyaga mwiba wa hongwe, yule samaki mwenye ndevu, ukapenya kandambili ukaingia chini ya kidole. Mwiba wa hongwe una sumu, unauma vibaya, mtu mzima hulia. Mimi sikusikia kitu. Sukari ilikuwa imeshaua nyayo zangu, zimekufa ganzi. Bi Mwanaidi ndiye aliyeona damu sakafuni akaniuliza imetoka wapi. Nikaosha, nikafunga kitambaa, nikaendelea kukaanga.

Kidonda hakikukauka. Kikaanza kutoa maji, kisha usaha. Kiu ikarudi, macho yakaingia ukungu, mguu ukavimba mpaka kifundo. Nikampigia mmoja wa watu wa hemani kumwomba ushauri. Akanionya nisiukiri ugonjwa, maana nikiukiri nimeukaribisha. Basi nikavaa kiatu cha kufunika, ndani nimezungusha mfuko wa nailoni usaha usitoke. Mtu akiniuliza hali, namjibu nimepona. Nilikuwa nachechemea mbele yake na kumwambia nimepona.

Nilijua kuna harufu. Nikajiambia niko sokoni, kila kitu kinanuka hapa. Asubuhi moja Bi Mwanaidi akaacha karai lake, akaja akainama karibu na miguu yangu.

"Shoga," akasema, "huyu si samaki."

Akanivua kiatu mwenyewe. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Alizima jiko langu, akazima na la kwake, akaita bajaji. Njiani nikawa namwambia kwamba Mungu alishaniponya, yeye hawezi kuelewa kwa sababu si wa imani yangu. Akasema nitamweleza vizuri tukishafika hospitali.

Kile kimashine cha kupima sukari hakikutoa namba. Sukari ilikuwa imepita kiwango chake, kikaandika herufi tu. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu, alitazama mguu, akanisalimia shikamoo kwa adabu, kisha akanieleza bila kuzunguka.

"Mama, vidole viwili leo. Ukienda kuombewa kwanza, tukionana tena tutazungumzia mguu."

Vikakatwa. Nikaanza na sindano za insulini. Siku ya pili wodini nikaomba simu, nikampigia mtumishi mwenyewe. Nilidhani atakuja. Aliniambia uponyaji nilipewa, nimeupoteza kwa kukosa imani, na akaniomba nisizungumze hayo mbele za watu nisije nikawakwaza wachanga. Wapendwa, nilikuwa nimelala pale na mguu umefungwa shashi hadi juu, na anayelaumiwa ni mimi. Niliitupa ile simu ya watu. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo, na sijaombwa na Mungu niimalize haraka.

Na Mungu pia nilimkasirikia. Mwinjilisti alipokuja kunitazama nilimwambia asithubutu kuniombea. Akasema basi, atakaa tu. Akakaa, akanimenyea chungwa, nikalikataa, akalila yeye. Alirudi Jumatano iliyofuata, na nyingine. Sijawahi kumuuliza kama alichagua siku hiyo makusudi.

Anayestahili kusikika zaidi katika habari hii ni nesi wa chumba cha vidonda, naye anaitwa Zuhura. Ni mwanamke mfupi asiyejua kubembeleza. Walikuwa hawajanishona, shimo limeachwa wazi, na kila siku analisafisha kwa maji ya chumvi na kulijaza shashi mpaka ndani. Hapo nyama ilikuwa imeanza kupata hisia, nikawa nauma kanga kwa meno. Baada ya majuma kadhaa ngozi ikaanza kujifunga juu. Nilifurahi sana. Nikamwonyesha, nikasema unaona, kimepona. Nesi Zuhura akabonyeza kwa kidole pembeni, usaha ukaruka ukamchafua aproni. Akachukua mkasi akakifungua upya, nami nikalia kwa sauti.

"Kidonda kinapona kutoka chini, mama," akasema akiendelea kukifuta. "Hiki kimefunga juu kukudanganya wewe. Kila nikikikuta hivi nitakifungua, hata ukinichukia."

Sikulala vizuri siku hiyo. Alikuwa anazungumzia mguu tu, hana habari na mambo yangu ya hemani. Lakini katika kidonda kile nilijiona mimi mwenyewe. Nilisema nimepona, na chini kumejaa usaha, majivuno, uchu wa kutazamwa, ulimi ule ule. Miaka ya Jumatano niliyoidharau ilikuwa ndiyo shashi, inaingia taratibu, inachosha, haipigiwi makofi na mtu.

Nikaanza upya kwa kidogo. Kila siku, Nesi Zuhura akishika mkasi, nasema sentensi moja kwa Mungu. Ya kwanza ilikuwa nimekukasirikia. Ya pili vile vile. Nadhani wiki nzima nilisema hiyo tu. Baadaye nikaongeza nisaidie. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Ila siku moja mgonjwa wa kitanda cha jirani alinimwagia uji shukani, nikajikuta namsaidia kupangusa, na matusi hayakuja. Nilishtuka kuliko siku ya beseni.

Laiti ingeishia hapo. Nilipokuwa narudi kusafishwa kidonda baada ya kutoka wodini, aliletwa mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mkazi wa Kaole, Mama Joshua. Mguu wake wa kushoto uliishia chini ya goti. Nikamwamkia.

"Wewe si yule mama wa samaki?" akaniuliza. "Ulisema umepona."

Alikuwa ameniona kwenye simu ya dada yake. Aliitazama video yangu mara nyingi, akaacha sindano zake. Kaniamini kwa sababu nilisema habari za moto kwenye damu, ile chumvi niliyoongeza mwenyewe. Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana.

Nilipoweza kutembea na mkongojo nilikwenda pale kwa mtumishi, siku ya ibada, maana sasa amejenga ukumbi wa mabati. Wakanikaribisha mbele kwa shangwe, wakidhani nakuja kurudia yale ya zamani. Nikachukua maiki, nikasema mimi ni yule wa video, sijapona, nimekatwa vidole, na kuna mama wa Kaole amepoteza mguu kwa maneno yangu. Wakazima maiki. Kwaya ikaanzishiwa wimbo. Nikavua kiatu, nikaupandisha mguu wangu juu ya kiti cha mbele, watu wauone. Wahudumu wawili wakanishika mikono wakanitoa nje bila kiatu. Mkongojo ukanianguka. Aliyeniokotea ni msichana aliyetoka nyuma yangu, ameshika kiatu changu. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama yake arudie dawa. Nikamwambia arudie leo hii.

Video ile bado inazunguka. Siwezi kuivuta kutoka kwenye simu za watu. Ndiyo maana nimesimama hapa, na nitasimama kila nitakapoitwa.

Nawashauri nini? Ombeeni wagonjwa, mimi naombewa na nashukuru, lakini anayekwambia tupa dawa umkimbie, hata kama ni mimi niliyekwambia. Kagueni nyayo zenu kila siku, kwa kioo kama hamwezi kuinama. Na ninyi mnaojiona mmedumaa katika wokovu, mnaorudi kila wiki na tabia ile ile, rudini tu. Msimtafute wa kuwabadilisha kwa dakika tano. Mimi nina ulimi bado. Juzi nimemjibu mteja vibaya, nikamfuata mpaka stendi kumwomba radhi. Zamani nisingemfuata. Hiyo ndiyo hatua niliyopiga.

Namshukuru Mungu, aliyevumilia kununiwa. Namshukuru Bi Mwanaidi, amekaa pale mlangoni, amekuja kunisindikiza na amesema hakuja kuhubiriwa. Namshukuru mwinjilisti na kiti chake. Namshukuru Nesi Zuhura na mkasi wake.

Na Mama Joshua. Nilikwenda Kaole kumwomba msamaha. Akasema msamaha nikae nao kwanza, yeye anachotaka ni kujua kama nachoma sindano zangu, kwa sababu hataki kusikia na mimi nimekatwa mguu, itakuwa hasara mara mbili. Tangu siku hiyo ananipigia kila asubuhi. Hasalimii. Anauliza, "Umechoma?" Nami najibu nimechoma, na wewe? Anasema tayari, anakata.

Jana nilimwambia kwamba leo nitasimama hapa, na nitamtaja. Akakubali. Nikapiga moyo konde nikamuuliza kama amenisamehe.

"Bado," akasema. "Lakini kesho nitapiga."

Asubuhi hii, kabla sijaja, alipiga.