Jina Chini ya Barua

Juzi bomani Kilwa niliwaona wakulima watatu wa Umatumbi wakimpa Mdachi, yule Mjerumani mkuu wa boma, barua ya kulalamika kwamba wanapigwa kwenye shamba la pamba la serikali. Hakuisoma. Alitazama chini kabisa, penye jina la mwandishi.

"Nani huyu?"

Mwalimu wetu wa madrasa akasimama. "Ni mimi, bwana."

"Wamekulipa?"

"Hapana. Wao hawajui kuandika, mimi najua."

Akachapwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano.

Jana nilimkuta anaandika nyingine amesimama, karatasi kaikandamiza ukutani, maana kukaa hawezi. Nikamsihi asitie jina lake.

"Barua isiyo na jina la aliyeiandika," akasema, "nani ataiamini?"

Niliyoyasema hapa ni kweli tupu. Nimemwomba mhariri wa gazeti hili asitie jina langu.