Sangara Kabla ya Wakati Wake

Mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya wa Mkuyuni akinipangia fungu, nalipindua kwanza nione za chini. Kwa hiyo filamu inayodai kusimulia zamani za mji wetu hainipiti hivi hivi.

Ile ilikuwa ya muziki, ya miaka ya kuelekea Uhuru. Kijana mpiga gitaa anampenda binti anayeuza samaki nje ya ukumbi wa dansi, na kila wakikutana wanaanza kuimba. Dada yangu alituletea nyumbani Kiseke, nikaitazama na mama baada ya chakula cha mchana. Haikuchukua muda nikaanza kuguna. Binti anaanza wimbo na kanga ya bluu, anaumaliza na ya kijani. Kijana anakunywa chai, na kikombe kinazidi kujaa. Ziwani nyuma yao magugumaji yametanda, wakati magugumaji yalikuja mimi tayari ni mama wa watoto. Na kikaangoni kwa binti, sangara! Miaka ile sangara alikuwa hajaenea ziwani, wa kujaza kikaango alitoka wapi?

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Tulikuwa hivyo hivyo."

Alikuwa na haki ya kusema. Usichanani mwake naye aliuza samaki nje ya ukumbi wa dansi, na hapo ndipo alipokutana na baba. Hadithi hiyo tumekua nayo. Baba alitoka upande wa Mara, na kama wengi wa huko, L ikifika mdomoni mwake iligeuka R. Siku hiyo alikuwa na njaa, akamwambia mama, "Dada, naomba kura." Zilikuwa siku za kampeni. Mama akamjibu kwamba kura yake haigawi barabarani. Baba akaduwaa, akaonyesha sato kwa kidole, na mama akacheka mpaka akajishika mbavu: "Kumbe! Basi umepita bila kupingwa." Tangu hapo mpaka tulipomzika, baba hakukaa mezani bila kuomba kura, na mama hakumnyima ushindi hata mara moja.

Wiki ile ile jirani alikuja kumsabahi mama. Nikiwa nafagia sebuleni nikamsikia mama akimsimulia: "Mzee wangu alikuja na gitaa lake, na mimi namkaangia sangara." Nikasimamisha ufagio. Baba alikuwa fundi cherehani, gitaa hakuwahi kulishika. Nilidhani mama anamtania jirani. Kesho yake, katika simulizi la mama, baba akavishwa shati jekundu la yule kijana wa filamu. Siku chache baadaye akawa ameimba ufukweni, magugu yakielea. Makosa niliyoyagunia yalikuwa yanahamia kwa mama, moja baada ya jingine.

Dalili ya mvua ni mawingu. Nikaanza kumpeleleza mama yangu mzazi. Nilishuku kwamba ananichezea, kisha nikaishuku hata hadithi yenyewe, labda tangu mwanzo alikuwa akiipika. Lakini kilichonitisha hasa kilikuwa kimoja. Picha ya ujana wa baba hatuna. Baba wa ujanani tulikuwa naye ndani ya kumbukumbu ya mama tu, na sasa mpiga gitaa alikuwa amekalia kiti chake. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Mama, baba hakuwa na gitaa!"

Akaniangalia kwa upole. "Kwani wewe ulikuwepo?"

Niliificha ile filamu kabatini, chini ya mashuka, lakini gitaa halikuondoka midomoni mwake.

Mchana mmoja tulikuwa jikoni, yeye akipakua ugali na samaki, kazi ambayo mpaka leo hakubali kumwachia mtu. Kumuuliza waziwazi kama bado anamkumbuka baba niliogopa, maana angeweza kunijibu. Nikasogeza sahani yangu na kuiharibu L kwa makusudi.

"Mama, naomba kura."

Mwiko ukasimama hewani. Akanikazia jicho, jicho la mtu anayeshuku, nikajua langu nimelirithi wapi.

"Umepita bila kupingwa," akasema, akaniwekea mnofu wa mgongoni. Kisha sura ikamkunjamana kwa hasira. "Na hiyo ndiyo wameikata kwenye filamu yao. Wamemweka mwenye gitaa, baba yako wakamwacha nje na njaa yake."