Fisi wa Kwenye Karanga

Wiki niliyokuwa najiandaa kwenda Dar es Salaam kuuza katuni zangu kwenye tamasha kubwa, la kwanza maishani mwangu, bibi yangu alikataa kuitikia shikamoo yangu. Kwetu Shelui hilo si jambo dogo. Bibi akikunyamazia, hata uji haushuki.

Chanzo kilikuwa mdogo wangu. Tulikuwa sebuleni, mimi nakunja vitabu nilivyochapisha Singida mjini, yeye anabana kwa stepla. Kila jalada lilikuwa na sura ya bibi: kilemba chake, pengo lake, kidole amemnyooshea fisi. Katuni yangu ni ya bibi kizee anayegombana na fisi, na bibi kizee mwingine wa kumchora sikuwa naye. Mdogo wangu akainua kitabu kimoja, akacheka: "Bibi, unaenda kuuza sura Dar!"

Ni utani wa vijana, huambiwa mtu anayependa kuonekana. Bibi aliuchukua neno kwa neno. Alinyanyuka, akaingia chumbani kwake, tukamsikia akinung'unika peke yake kwa Kinyiramba.

Asubuhi shikamoo yangu ilipita bila jibu, na hakuniita "mume wangu" kama kawaida yake. Nilikasirika, nisiseme uongo. Meza nimeshapewa, vitabu vimeshachapwa! Lakini ningesimamaje mbele za watu nikiuza sura ya mtu ambaye hataki? Mama naye hakunisaidia. "Bibi yako asiporidhia, hivyo vitabu haviendi popote," alisema, akaendelea kupepeta mtama.

Mchana nikamfuata bibi jikoni. Alikuwa anakaanga karanga.

"Bibi, nimekosa nini?"

"Karatasi ikishanunuliwa inaishia wapi?" akauliza bila kugeuka. "Nimefungia watu karanga miaka mingi, najua inaishia wapi. Leo sura yangu ndiyo ikakanyagwe huko?"

Nikajikuta natabasamu, huku machozi yakinilengalenga. Nilipokuwa shule ya msingi bibi aliuza karanga pale malori yanapoegeshwa, akizifunga kwa karatasi za madaftari yangu yaliyokwisha. Nyuma ya hesabu nilikuwa nimechora fisi. Siku moja dereva alirudi, akashusha kioo, akauliza: "Mama, zile karanga zenye fisi zipo? Alitoka mle kisimani?" Bibi hakuwa na habari ya fisi wala kisima. Alikuja nyumbani, akanipa penseli, akaniamuru nimtoe fisi kisimani. Tangu hapo nilichora makusudi, nimekaa miguuni pake katikati ya harufu ya karanga na dizeli, na fisi wangu wakasafiri hadi Mwanza mifukoni mwa madereva. Nimechora sana baadaye, lakini raha ile sijaipata tena.

"Unamkumbuka yule dereva wa fisi?" nikamwuliza. "Ile karatasi hakuitupa."

Bibi aliuacha mwiko. Akacheka mpaka pengo likaonekana, lile lile la jaladani.

"Na utingo wake alikuwa anaigombania," akasema. "Hebu lete nijione."

Nikamletea kitabu. Alikitazama, akalalamika kwamba kilemba nimemfunga vibaya. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho.

"Huyu fisi umemuua?"

"Hapana, bibi."

"Vizuri. Dereva akirudi ungemwambia nini?" Akashika tena mwiko, akakoroga karanga zisiungue. "Marahaba, mume wangu. Hiyo ni ya asubuhi."

Nilikwenda, nikauza, na kila aliyenunua kitabu nilimpa na karanga za bibi, nimezifunga kwenye karatasi niliyoichora kwa mkono.

Bibi ametutoka sasa. Matamasha mengine yamefuata, na wasomaji huniuliza hadithi itaisha lini. Fisi sijamuua.