Kifauongo cha Kinyunguni

Mjukuu wangu ametoka Lupembe na kifauongo ndani ya kopo. Anakigusa, majani yanajifunga, anacheka. Udongo wake unanukia kama vinyungu vyetu, yale mashamba ya bondeni, kando ya mto, tuliyolima kiangazi.

Siku moja, nilipokuwa bado mdogo, bwana shamba alikuja na baiskeli kutoka Njombe, akasema serikali imekataza kulima kando ya mto. Akina mama wakaweka majembe chini, wakainamisha vichwa. Kiatu chake kikakanyaga kifauongo, majani yakajifunga yote.

"Mnaona?" akasema. "Hata jani lina adabu kuliko nyinyi."

"Ndiyo, bwana," mama yangu akajibu kwa sauti ndogo.

Baiskeli ilipopotea mlimani, nikashika jembe langu. Mama akanizuia.

"Subiri. Yatazame."

Tukachuchumaa. Likafunguka jani moja, kisha lingine, mpaka yote yakawa kama hayajawahi kuona kiatu.

"Haya," mama akasema, akatemea mate viganja. "Tulime."

Bwana shamba alirudi wakati mashamba ya mlimani yakiwa bado makavu. Mama akampa muhindi wa kuchoma. Akaula wote, wala hakuuliza umelimwa wapi.